Mama Mkwe na Tela la Dagaa

Mama mkwe wangu alipanda gari langu mara ya kwanza akiwa amenipa mgongo. Alishika mlango, akaingiza mguu mmoja, akajigeuza, akaketi huku uso ameuelekeza nje dirishani na kanga ameivuta hadi kwenye paji. Kisha akachukua kapu lake la ukili, akaliweka kwenye kiti cha katikati, baina yetu, akalisukuma kidogo lisimame imara kama ukuta.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, baba," akaliambia dirisha.

Mtu asiyetufahamu angedhani ananichukia. Haikuwa hivyo. Kwetu Usukumani, hasa kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawaketi mkeka mmoja, na wakiona wanakaribia kukutana njiani mmoja wao hukumbuka ghafla jambo alilolisahau kichakani. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka minne, na katika miaka hiyo nilikuwa nimemwona labda mara sita. Katika mara hizo sita sikumbuki kuwahi kuyaona macho yake. Nilimjua kwa sauti yake nyuma ya ukuta wa jiko, na kwa kiroba cha dagaa alichotutumia kila mwezi.

Sasa tulikuwa tumefungiwa kwenye pikapu moja, kutoka Nkome mpaka Kahama, safari ya kutwa nzima.

Aliyetufungia humo ni mke wangu. Mimi nilikuwa na pikapu nyeupe niliyoinunua kwenye mnada wa magari yaliyochoka kufanya kazi mgodini, na tela ambalo fundi mmoja wa Kahama alilichomelea kwa ekseli ya gari lililokwisha kufa. Nilikuwa nabeba mchele kutoka Kahama kwenda Nkome, kule ziwani, na kurudi na dagaa. Mama mkwe naye alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Aliwanunua kwa akina mama wanaowaanika ufukweni, akawapakia kwenye magunia, akawapeleka kwa wateja wake Kahama. Mwenye lori aliyemzoea siku zote akaacha dagaa akahamia kubeba mawe ya wachimbaji, kwa kuwa mawe hayanuki. Magunia ya mama yakabaki yamepangwa ukutani.

"Mama atapanda na wewe," mke wangu akaniambia siku hiyo hiyo. Yeye ni muuguzi, amezoea kutoa maagizo bila kuinua macho kwenye anachokiandika.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Wewe una mama wangapi wenye dagaa?"

"Mke wangu, tutakaaje mle ndani? Fikiria."

"Nimeshafikiria. Wewe utatazama barabara, yeye atatazama miti."

Nilijua kwamba marehemu baba mkwe alikuwa dereva. Nilijua kama mtu anavyojua mambo ya marehemu ambaye hakumkuta: kwamba aliendesha lori la pamba lenye tela kwa miaka mingi, kwamba alipenda chai ya tangawizi, kwamba alikuwa mpole. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mama mkwe, akiwa mke kijana, alikuwa akipanda naye kwenye lori hilo msimu mzima wa pamba, na kwamba wakati baba mkwe anaendesha, mkewe hakuwa anatazama miti.

Safari ile ya kwanza haikuwa nzuri. Nilikuwa na desturi ya kujaza tangi Kahama, nikitarajia linipeleke Nkome na kunirudisha, na nyuma ya kiti nilibeba dumu la lita ishirini kwa tahadhari. Tahadhari hiyo ilikuwa imegeuka kuwa mazoea. Kila safari, tukikaribia Bukoli kurudi, mshale unalala, nasimama, namimina dumu lote. Nilikuwa nimeshakubali kwamba hivyo ndivyo gari langu lilivyo, kama mtu anavyokubali kwamba mjomba wake anakunywa.

Siku hiyo nikasimama, nikamimina. Niliporudi kwenye usukani nikamkuta mama mkwe ameweka simu sikioni.

"Haloo. Mimi mama yako. Niko salama. Sikiliza, mwambie mwenzio hili gari lina kiu isiyo ya kawaida. Linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, yupo. Anaendesha." Akasikiliza tena. "Yupo hapa hapa pembeni yangu. Mwambie tu."

Akakata. Kabla sijaingiza gia ya pili simu yangu ikalia mfukoni. Nikasimamisha gari tena.

"Mama anasema gari linakunywa mafuta," mke wangu akasema.

"Nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Nimekaa naye!"

Mke wangu alicheka mpaka nikasikia wagonjwa wake wakiuliza kuna nini. Mama mkwe alikuwa akitazama miti kwa makini sana, lakini niliona kanga yake inatikisika mabegani.

Alilala kwetu Kahama, chumbani kwa watoto, na kesho yake tukarudi Nkome na mchele, kapu likiwa katikati. Katika safari hiyo ya kurudi ndipo alipoanza kuongea na gari. Nadhani ilitokana na mtandao. Kuna sehemu ndefu baada ya Kakola ambapo simu hazikuwa zinashika, na mbele yetu kulikuwa na mlima, na mimi nilikuwa naukaribia kwa uvivu, nikisubiri gari lianze kulemewa ndipo nikanyage. Alijaribu simu mara mbili. Akairudisha kwenye kapu. Akainama mbele kidogo na kukiambia kioo:

"Wewe gari. Mlima si unauona kule? Unangoja nini? Kusanya mwendo mapema, ukiwa bado tambarare. Ukifika kwenye kitako cha mlima ndipo uanze kulia, nani atakuhurumia?"

Kwa desturi sikuwa nimeambiwa kitu. Gari likapanda mlima ule kama lilivyozoea, gia ya kwanza, injini inanguruma, moshi mweusi nyuma yetu umefunika mashamba.

Lakini mlima uliofuata nikaukusanyia mwendo. Nilirudisha gia mapema, kabla injini haijachoka, nikaacha mguu utulie mahali pamoja badala ya kuukandamiza hadi sakafuni. Tukapanda. Nikatazama kioo cha pembeni: nyuma kulikuwa na vumbi tu, moshi hakuna.

"Aa," mama mkwe akaliambia gari. "Kumbe akili unazo."

Ningependa kusema nilifurahi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimeendesha miaka minane, nina leseni yenye madaraja matatu, na nilikuwa nafundishwa kuendesha na mwanamke muuza dagaa ambaye hata kuwasha gari hajui. Nikajiambia ile ilikuwa bahati, mlima wa pili ulikuwa mfupi. Tuliporudi Kahama wiki iliyofuata nikamimina nusu dumu tu. Nikajiambia pengine pampu ya kituo ilikosea ikanizidishia kidogo.

Tukaendelea hivyo miezi kadhaa, safari moja kila wiki. Siku moja, tumetoka Geita na upepo unavuma, nikasikia anacheka peke yake.

"Wewe gari, hilo turubai lako linapiga makofi tangu asubuhi. Linamshangilia nani?"

Nikasimama kukagua. Turubai la tela lilikuwa limejaa upepo kama shavu la mpiga filimbi, na kila lilipojaa lilikuwa linaturudisha nyuma. Nikalivuta, nikalifunga kamba za mkingamo hadi likalala bapa juu ya magunia. Siku nyingine aliliuliza gari kwa nini limeota pembe. Alikuwa na maana ya kichaga cha juu ya paa, ambako nilibeba matairi mawili mabovu na pipa tupu kwa sababu niliona yananipa sura ya msafiri wa mbali. Nilikaa na swali hilo wiki mbili, nikiona fahari yangu imeguswa. Kisha jioni moja nikavishusha vyote mwenyewe na kuviweka nyuma ya banda la kuku.

Kilichonishinda kabisa ni gurudumu. Tulikuwa tumesimama kununua viazi. Akashuka, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kunyoosha miguu, na nikamwona kwenye kioo akizunguka tela polepole, akilikanyaga kila tairi kwa kisigino, na kuweka mgongo wa kiganja katikati ya kila gurudumu, kama mama anavyopima paji la uso wa mtoto. Akarudi, akapanda, akapanga kapu lake.

"Wewe gari," akasema, "gurudumu lako la kushoto lina homa. Na tairi zako zote mbili zimelegea kama ugali wa mtu mwenye haraka."

Nilishuka. Gurudumu la kulia lilikuwa vuguvugu. La kushoto halikushikika. Nilirudi nalo polepole hadi kwa fundi mmoja pale Geita, akalifungua, akanionyesha. Bearingi ilikuwa imekazwa kupita kiasi na grisi imekwisha, imebaki unga mweusi. Fundi akalizungusha gurudumu kwa mkono, likagoma.

"Kaka, wewe hukuwa unavuta tela," akaniambia. "Ulikuwa unaliburuta. Nani amekuambia usimame kabla halijawaka moto?"

Nilitazama kule kwenye gari. Mama mkwe alikuwa amekaa wima anatazama miti, ingawa mbele ya gereji ile hapakuwa na mti.

"Nimehisi tu," nikamjibu fundi.

Hadi leo jibu hilo linaniuma kuliko mambo mengine makubwa zaidi niliyokosea. Fundi alitia grisi, akabadilisha bearingi, akajaza upepo mpaka tairi zikasimama. Tulipoondoka gari lilikuwa jepesi, ungedhani tumesahau tela nyuma. Dumu siku hiyo lilipungua kidogo tu. Na mimi sikumshukuru. Nilijificha kwenye desturi: yeye hakuniambia mimi, aliliambia gari; basi na anayepaswa kushukuru ni gari. Nikawa naona raha kuokota hekima yake na kuifanya yangu, bila kudaiwa hata neno.

Mazoea hayo yalitufikisha pabaya siku moja ya kiangazi, Nyarugusu.

Tulikuwa tumesimama kunywa chai. Nyarugusu ni mahali pa wachimbaji wadogo, kelele za makarasha, zile mashine zao za kusaga mawe ya dhahabu, hazinyamazi. Mtu mmoja ninayemfahamu, mwenye karasha, akanijia. Mota yake kubwa ilikuwa imeungua, na fundi wa kuisuka upya yuko Kahama. Akaniomba nimbebee. Tela lilikuwa limejaa magunia ya dagaa mpaka juu, nafasi pekee ilikuwa mwishoni kabisa, mkiani. Wanaume wanne wakaja wameibeba ile mota kwa mti, wanatweta, wakauliza waiweke wapi.

"Hapo nyuma," nikasema. "Itakuwa rahisi kuishusha."

Mama mkwe alikuwa amesimama kwa mama ntilie, kikombe mkononi. Akakiweka chini. Akaja mpaka mbele ya pikapu, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Wewe gari," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Chuma kikikaa mkiani kwa tela, wewe kinakunyanyua mgongo. Magurudumu yako ya nyuma hayatashika ardhi. Mwambie mwenyewe ashushe magunia, akiweke mbele."

Wale wanaume wakacheka. Mmoja akauliza kama gari limejibu. Nilisikia uso unanichoma. Kama wasingecheka, nadhani ningeshusha magunia. Lakini walicheka, na mbele yao sikutaka kuonekana mwanamume anayepangiwa mzigo na mkwewe.

"Fungeni kamba," nikawaambia.

Alirudi, akamaliza chai yake, akapanda.

Tulipoondoka tu nikajua. Usukani ulikuwa umebadilika, nao ulikuwa wangu kila siku, nilikuwa naujua. Kila tulipopita kwenye shimo, tela liliinama nyuma na kulinyanyua gari kwenye kiungio, kisha likaliachia. Nikajiambia nitakwenda taratibu. Nikaenda taratibu kwa muda wa kutosha kusahau.

Ukishaipita Nyarugusu kuna mteremko mrefu. Barabara ilikuwa imetoka kuchongwa, kokoto mpya juu, laini machoni lakini telezi kwa tairi. Nikauacha mwendo uongezeke. Katikati ya mteremko likatokea lori kubwa kutoka mbele, likatupita kwa kasi, na upepo wake ukalipiga tela ubavuni.

Lilianza kidogo. Nililiona kwenye kioo likitoka upande mmoja, likarudi, likatoka upande wa pili, kama mbwa anavyotingisha mkia. Kila liliporudi lilikuja na nguvu zaidi. Kisha nikahisi sehemu ya nyuma ya gari inavutwa kushoto, halafu kulia, na usukani unacheza mikononi mwangu. Mguu wangu ukaruka kwenda kwenye breki.

"Usikanyage!"

Sauti hiyo haikuliambia gari.

"Usikanyage breki, mwanangu! Ondoa mguu kwenye mafuta. Uache. Shika usukani wima. Usilifuate tela, liache licheze. Wima, mwanangu. Wima. Wima."

Alikuwa ameushika mkono wangu juu ya kiwiko, kwa nguvu za mtu aliyebeba magunia maisha yake yote. Kapu lilikuwa limeanguka, ndimu zinakimbia kwenye sakafu. Nilifanya alivyosema, si kwa ushujaa, bali kwa sababu akilini mwangu hakukuwa na kitu kingine isipokuwa sauti yake. Tela likapiga kushoto, likapiga kulia, nikasikia kitu kinaanguka nyuma. Likapiga tena, safari hii kwa nguvu pungufu. Mwendo ukapungua wenyewe. Tulipofika chini tela lilikuwa linafuata kwa adabu kana kwamba halijafanya lolote, na nikaligeuza gari pembeni, kando ya shamba la mihogo, nikazima injini.

Vumbi letu likatufikia, likatupita.

Mkono wake ulikuwa bado umeshika mkono wangu. Niligeuka nikamtazama, naye alikuwa ananitazama. Hapo ndipo nilipoona kwamba macho ya mke wangu, yale mapana yenye kope nzito ambayo nilidhani ni ya kwake peke yake duniani, alikuwa ameyapata kwa mtu.

"Mama," nikasema, "umejulia wapi?"

Aliuachia mkono wangu polepole.

"Baba yenu alinipindua na tela la pamba," akasema. "Njia hii hii ya Kahama. Nilikuwa na mimba ya mkeo. Yeye alikanyaga breki." Akafuta vumbi usoni kwa pindo la kanga. "Baada ya pale kila tulipoona mteremko alikuwa akinitamkisha kama mtoto wa shule. Achia mafuta, shika wima, usifuate. Nikamwambia mimi siendeshi, unanifundishia nini? Akasema, hata mimi naweza kusahau, wewe utanikumbusha."

"Alisahau?"

"Hakusahau tena."

Nikasema, "Nisamehe, mama. Pale Nyarugusu nilikusikia."

"Najua ulinisikia," akasema. "Gari lina masikio?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani tulianza pamoja, na kilikuwa kicheko kibaya, cha watu waliotoka kuponea chupuchupu. Wanawake wawili waliokuwa wakipalilia mihogo walisimama na majembe yao wakitushangaa. Baadaye wakaja kutusaidia.

Gunia moja lilikuwa limeanguka na kupasuka, dagaa wametapakaa barabarani, wanang'aa juani kama misumari mipya. Tulishusha magunia karibu yote. Mimi nikiwa juu ya tela na yeye chini, nilimpa gunia baada ya gunia, mkono kwa mkono, na hakuna aliyekumbuka heshima. Mota tuliisogeza kwa kuibingirisha juu ya vipande vya mti, mimi, wale wanawake wawili, na mwendesha baiskeli aliyepita akatuonea huruma. Mama mkwe alisimama pembeni, mikono kiunoni, akiamuru.

"Hapo. Mbele kidogo ya ekseli. Si mbele mno, mwanangu, utamvunja mgongo anayevuta. Tela linatakiwa liegemee kidogo tu kwenye kiungio. Baba yenu alikuwa anasema liwe kama mtoto aliyeshika kidole cha mama yake njiani. Asining'inie mzima, na asiachie."

Magunia mazito tukayarudisha chini na mbele, mepesi juu na nyuma. Dagaa waliomwagika aliwaachia wale wanawake. "Chukueni wote," akawaambia, "ila muwakoshe vizuri, wana kokoto." Wakajaza kanga zao, wakamwombea baraka kwa Kisukuma. Mimi pia, tulipokwisha kufunga turubai, nikamwambia kwa lugha ya nyumbani, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Nilikuwa namshukuru pamoja na mlima, na turubai, na lile gurudumu, na nadhani alielewa. Akajibu: "Haya. Twende, dagaa hawasubiri."

Alipopanda, aliokota ndimu zake zote, akazirudisha kwenye kapu, kisha akaliweka kapu chini miguuni pake.

Nyumbani mke wangu alisikiliza habari yote amesimama na sufuria mkononi.

"Mama amekushika mkono?"

"Huu hapa."

Akautazama kana kwamba atauona umebadilika rangi. Habari zikafika kwa mashangazi wa Nkome, nao wakakaa kikao. Mmoja alisema jambo kama hilo haliwezi kuachwa hivi hivi, hata kama watu walikuwa wanakufa. Lazima litolewe mbuzi. Nikatoa mbuzi, tukamla, na likaisha. Siku hiyo ya mbuzi mama mkwe alikula jikoni na wanawake na mimi nikala uani na wanaume, na nilipopita kwenda kunawa akazunguka nyuma ya nyumba ili tusikutane. Nyumbani hakubadilika hata kidogo. Mlango wa gari ukifungwa tu, hapo anaanza: "Mwanangu, jana umekanyaga klachi kama unaua nyoka. Ilikukosea nini?"

Nilianza kumwuliza mwenyewe. Kwa nini injini inachoka hata ikiwa tambarare? Akasema hajui injini, lakini baba yenu alikuwa akipiga chujio la hewa kila Jumamosi kwenye gogo mpaka vumbi linaisha. Nililifungua langu nikakuta nusu ya barabara ya Geita imo mle ndani. Aliniambia kwamba mtu anayevuta tela hashindani na bodaboda, na kwamba anayeondoka polepole pale Bukoli atawakuta wenye haraka wote Kahama, wanakunywa soda. Safari ya tatu baada ya ule mteremko, tangi moja lilitupeleka na kuturudisha. Dumu lilifika Kahama likiwa na kifuniko chake, halijaguswa. Nilimwonyesha. Akaligonga kwa kidole, akasikiliza sauti ya kitu kilichojaa, akatikisa kichwa kama anayekubali mtihani wa mwanafunzi wa wastani.

Tulisafiri pamoja karibu miaka mitatu. Katika safari hizo nilimfahamu baba mkwe ambaye sikumkuta: jinsi alivyoogopa ndege, jinsi alivyokuwa akiimba akipandisha mlima ili ajue kwa pumzi yake mwenyewe wakati wa kurudisha gia, jinsi alivyolia siku mke wangu alipozaliwa na vidole vyote. Mke wangu hakuwahi kuyasikia mengi ya hayo. Nilikuwa namletea nyumbani kila wiki, moja moja, pamoja na samaki.

Kisha magoti ya mama yakaanza kumsumbua. Kupanda gari kukawa kazi ya dakika kadhaa, akishika mlango kwa mikono miwili na kulitukana gari kwa kuwa refu. Tukakubaliana aache. Biashara ya Nkome akamwachia mdogo wake, na yeye mwenyewe ahamie kwetu Kahama, kwenye chumba tulichomjengea upande wa jiko, chenye mlango wake.

Siku nilipomhamisha tulipakia kitanda chake, masufuria, mikeka ya kuanikia ambayo alikataa kuiacha, na magunia machache ya mwisho. Alisimamia upakiaji wote. Tukaondoka asubuhi. Tukapita Geita, akaniambia mambo mawili matatu kuhusu bei ya mchele. Baada ya Nyarugusu nikamwuliza kitu, sikumbuki nini, na hakunijibu. Nikageuka. Alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, viganja vimefunguka mapajani.

Niliendesha kama niliyebeba mayai. Nilizungumza na kila shimo. Mteremko ule wa kokoto, ambao siku hizi wameuwekea lami, niliushuka kwa gia ya pili, nyuma yangu msururu wa magari unapiga honi na mimi nawapungia mkono wapite.

Tulifika nyumbani alasiri. Nikazima injini taratibu. Mke wangu alitoka mbio akiwa na furaha, akitaka kufungua mlango, nikamwashiria kwa kidole asubiri. Akachungulia kioo. Akaja upande wangu, akaniuliza kwa kunong'ona:

"Amelala? Mama halali kwenye gari. Hata baba alipokuwa anaendesha, hakuwahi kulala."

"Kalala tangu Nyarugusu."

Akaegemea dirisha langu, jua linapungua juu ya tela na mikeka, na sote wawili tukamwacha mpaka alipoamka mwenyewe.